Kati ya Kujua na Kuonesha: Historia ya Namba 2⁶⁷ − 1 kuanzia Mersenne (1644) hadi Cole (1903)

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya namba moja yenye tarakimu 21, yaani 2⁶⁷ − 1. Mwaka 1644 Marin Mersenne alidai kuwa namba hiyo ni tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, bila kutaja kigawo chake hata kimoja. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alivitaja vigawo vyake viwili. Insha inatetea hoja mbili. Kwanza, hatua hizo tatu si marekebisho ya jibu moja tu, bali ni aina tatu za ushahidi, na kila moja inamtaka msomaji aamini kitu tofauti. Pili, simulizi mashuhuri kuhusu Cole, inayosifu subira yake, imeifunika mbinu iliyomfikisha kwenye jibu. Hesabu rahisi inayofanywa katika insha hii inaonesha kuwa subira peke yake isingetosha.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania hujifunza mapema kutofautisha namba tasa na namba nyingine. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7 na 11. Namba nyingine zote zilizo kubwa kuliko 1 hupatikana kwa kuzidisha namba ndogo kuliko zenyewe. Katika insha hii zinaitwa namba zisizo tasa. Kwa namba ndogo, kusema kuwa namba si tasa na kutaja vigawo vyake ni jambo moja. Anayesema kuwa 91 si tasa akiulizwa sababu, hujibu kuwa 91 ni 7 mara 13, na mjadala huishia hapo.

Mada ya insha hii ni namba ambayo kwayo mambo hayo mawili yalitengana kwa miaka 27. Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 hadi kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Kwa ufupi itaandikwa M67, herufi M ikisimama kwa jina la Mersenne. Vivyo hivyo M11 itamaanisha 2¹¹ − 1, na kadhalika.

Swali linaloongoza insha ni hili: mtu anaposema kuwa M67 si tasa, ni nini kinachotufanya tumwamini? Swali hili ni la kihisabati, lakini pia ni la kihistoria. Aliyetoa dai la kwanza hakutoa uthibitisho. Aliyetoa uthibitisho wa kwanza hakutoa vigawo. Aliyetoa vigawo amekumbukwa zaidi kwa hadithi iliyosimuliwa na mtu mwingine miongo kadhaa baadaye kuliko kwa makala yake mwenyewe. Hivyo basi, mwanahistoria wa M67 analazimika kupima ushahidi mara mbili: ushahidi kuhusu namba, na ushahidi kuhusu watu.

2.0 Dai la Mersenne

2.1 Usuli wa dai

Namba zenye umbo la 2ⁿ − 1 zilianza kutafutwa kwa sababu ya namba kamilifu. Namba kamilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Mathalani, 6 ni sawa na 1 + 2 + 3, na 28 ni sawa na 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Katika kitabu cha tisa cha Elementi, hoja ya 36, Euclid alionesha kuwa kila 2ⁿ − 1 iliyo tasa huzaa namba kamilifu: izidishe tu kwa 2 kipeo n − 1. Hivyo 3 huzaa 6, 7 huzaa 28, 31 huzaa 496 na 127 huzaa 8,128.

Kazi iliyobaki ilikuwa kujua ni n zipi zinazotoa namba tasa. Sharti la kwanza ni jepesi: n yenyewe lazima iwe tasa. Hata hivyo, sharti hilo halitoshi. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionesha kuwa M11, yaani 2,047, ni 23 mara 89, ingawa 11 ni tasa. Utafutaji huo haukuwa wa Ulaya peke yake. Katika karne ya 13 mwanahisabati Ismail ibn Fallus aliorodhesha namba kumi alizoziona kuwa kamilifu; saba za kwanza ni sahihi na tatu za mwisho si sahihi. Hivyo, namba zinazotokana na n ya 17 na ya 19 zilikuwa zimeandikwa kabla Pietro Cataldi wa Bologna hajachapisha kazi yake juu ya namba hizo mwaka 1603. Cataldi naye alikosea alipoendelea mbele: mwaka 1640 Pierre de Fermat alionesha kuwa M23 inagawanyika kwa 47 na M37 inagawanyika kwa 223, ilhali Cataldi alikuwa ameziona zote mbili kuwa tasa.

Katika kazi hiyo Fermat aligundua kanuni itakayotumika baadaye katika insha hii. Ikiwa p ni namba tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 lazima kizidi kigawe fulani cha 2p kwa 1 kamili. Kwa M11, vigawo lazima viwe na umbo la 22k + 1. Ukiweka k = 1 unapata 23; ukiweka k = 4 unapata 89.

2.2 Orodha ya 1644

Marin Mersenne (1588–1648) alikuwa mtawa wa shirika la Minim aliyeishi Paris na kuandikiana barua na wanazuoni wengi wa zama zake, Fermat akiwa mmoja wao. Katika dibaji ya sehemu moja ya kitabu chake cha 1644, Cogitata Physico-Mathematica, alidai kuwa 2ᵖ − 1 ni tasa pale p inapokuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba si tasa kwa p nyingine zote zilizo chini ya 257.

Leo tunajua kuwa orodha hiyo ina makosa matano. M67 na M257 si tasa, nazo zimo. M61, M89 na M107 ni tasa, nazo hazimo. Kosa la M61 lilifichuliwa na Ivan Pervushin mwaka 1883, R. E. Powers alifichua la M89 mwaka 1911 na la M107 mwaka 1914. Wapo waliokisia kuwa 67 ni kosa la uchapaji na kwamba Mersenne alikusudia 61. Ukisio huo unavutia, kwani ungefuta makosa mawili kwa mpigo. Lakini hauelezi kwa nini 89 na 107 zimeachwa, wala kwa nini 257 imewekwa. Mwanahistoria hana budi kuupokea kama ukisio tu.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba Mersenne mwenyewe alikiri kuwa kutambua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa ni kazi ambayo muda wote usingeitosha. M67 ina tarakimu 21. Kwa maneno mengine, aliyetoa dai alitambua kuwa dai lake halikuweza kupimwa kwa njia alizokuwa nazo. Kwa hiyo, ushahidi wa 1644 ni wa aina ya kwanza: kauli ya mtu mwenye heshima. Msomaji anaombwa amwamini msemaji. Na kwa miaka 232 hapakuwa na aliyeweza kuthibitisha au kukanusha kauli hiyo kuhusu M67.

3.0 Uthibitisho wa Lucas

Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kuwa M31, yaani 2,147,483,647, ni tasa. Alitumia kanuni ya Fermat pamoja na sharti la pili: kila kigawo tasa cha namba hizi, kikigawanywa kwa 8, lazima kiache baki 1 au 7. Masharti hayo mawili yalipunguza sana idadi ya namba za kujaribu. Hata hivyo, mbinu ya Euler ilikuwa bado ni ileile ya kale: jaribu kila kigawo kinachowezekana, na kama hakuna kinachofaa, namba ni tasa. Kwa M67, ambayo kipeuo chake cha pili kinazidi bilioni 12, njia hiyo haikuwa na matumaini.

Édouard Lucas (1842–1891) alibadilisha swali. Badala ya kuuliza ni namba gani inayoigawanya M67, aliuliza kama M67 ina tabia ambayo namba tasa peke yake inaweza kuwa nayo. Mbinu yake, kwa umbo lililonyooshwa baadaye na Derrick Henry Lehmer, inaweza kuelezwa kwa mfano mdogo wa M11.

Anza na 4. Zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2,047, kisha chukua baki tu. Rudia hatua hiyo mara 9, yaani 11 kutoa 2. Mfuatano unaopatikana ni huu: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Kanuni inasema kuwa namba ni tasa ikiwa hatua ya mwisho inatoa 0, na si tasa ikiwa inatoa kitu kingine chochote. Hapa tumepata 1,736. Kwa hiyo 2,047 si tasa. Tukijaribu M5, yaani 31, tunarudia mara 3 na kupata 4, 14, 8, 0. Kwa hiyo 31 ni tasa.

Msomaji autazame tena mfuatano wa 2,047. Hakuna mahali ambapo 23 imetajwa, wala 89. Hesabu imetoa hukumu bila kumtaja shahidi. Hilo ndilo lililokuwa jipya mwaka 1876, Lucas alipotangaza kuwa M127 ni tasa na kwamba M67 si tasa. Kuanzia hapo ilijulikana kuwa zipo namba mbili ambazo zao lake ni M67, lakini hapakuwa na mtu duniani aliyezijua.

Ushahidi huu ni wa aina ya pili, na ni imara kuliko wa Mersenne, kwa sababu unasimama juu ya kanuni na si juu ya heshima ya msemaji. Hata hivyo, una udhaifu wake. Kwa umbo lililotumika katika mfano wetu, M67 inahitaji hatua 65. Karibu kila hatua inataka namba yenye tarakimu zipatazo 20 izidishwe kwa yenyewe, kisha zao hilo la tarakimu zipatazo 40 ligawanywe kwa M67. Kosa moja la tarakimu moja katika hatua ya nne huharibu zote zinazofuata, na baki ya mwisho isiyo 0 haisemi kama imetokana na ukweli au na kosa. Anayetaka kuhakiki hana njia ya mkato. Lazima arudie safari yote. Hivyo basi, msomaji wa 1876 aliombwa aamini vitu viwili: kanuni, na mkono wa aliyekokotoa.

4.0 Vigawo vya Cole

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani uliofanyika New York, Frank Nelson Cole (1861–1926) wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwasilisha makala kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa. Makala hayo, yenye kurasa nne, yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la chama hicho. Matokeo yake makuu yanaandikika katika mstari mmoja:

2⁶⁷ − 1 = 193,707,721 × 761,838,257,287

Inafaa kuona kuwa vigawo hivi vinatii masharti ya watangulizi wake. Ukitoa 1 kutoka kigawo cha kwanza na kugawanya kwa 134, ambayo ni mara mbili ya 67, unapata 1,445,580 bila baki. Ukifanya hivyo kwa kigawo cha pili unapata 5,685,360,129 bila baki. Aidha, vikigawanywa kwa 8, cha kwanza kinaacha baki 1 na cha pili kinaacha baki 7.

Ushahidi wa Cole ni wa aina ya tatu. Kuzidisha namba ya tarakimu 9 kwa namba ya tarakimu 12 kunahitaji mazidisho 108 ya tarakimu moja kwa moja, kisha kujumlisha. Mwanafunzi wa darasa la saba mwenye karatasi, kalamu na utulivu anaweza kuikamilisha kazi hiyo ndani ya saa moja. Hahitaji kuijua kanuni ya Lucas, wala kumwamini Cole, wala kujua vigawo vilipatikanaje. Hata kama Cole angeviota usingizini, vigawo vingebaki kuwa vigawo. Dai la Mersenne lilimtegemea msemaji, na uthibitisho wa Lucas ulitegemea kanuni pamoja na ukokotoaji mrefu. Jibu la Cole linategemea kuzidisha tu.

Lakini hapa pana mtego kwa mwanahistoria. Kwa kuwa vigawo vinajitosheleza kama ushahidi, havisemi lolote kuhusu njia iliyotumika kuvipata. Ukimya huo uliacha nafasi, na nafasi hiyo ikajazwa na simulizi.

5.0 Simulizi ya Bell na uzito wake

5.1 Simulizi yenyewe

Simulizi inayorudiwa mara nyingi kuhusu siku ile inapatikana katika kitabu cha Eric Temple Bell, Mathematics: Queen and Servant of Science, kilichochapishwa mwaka 1951. Kwa mujibu wa Bell, Cole alipoitwa alikwenda ubaoni bila kusema neno. Alikokotoa 2 kipeo cha 67, akatoa 1. Akasogea hadi sehemu tupu ya ubao, akazidisha namba mbili kwa mkono. Majibu mawili yakalingana. Wasikilizaji walishangilia, Cole akarudi kuketi bila kutamka lolote, na hapakuwa na aliyeuliza swali. Bell anaongeza kuwa mwaka 1911 alimuuliza Cole kazi ile ilimchukua muda gani, naye akajibu kuwa ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Ni simulizi nzuri, na funzo lake linaeleweka kwa urahisi na msomaji wa Kiswahili aliyekulia katika methali: mvumilivu hula mbivu. Lakini wahenga walisema pia kuwa lisemwalo lipo, na hapo mwanahistoria hawezi kutulia. Analazimika kuuliza nani alisema, lini, na alijuaje.

5.2 Kuipima simulizi

Majibu ya maswali hayo yanataka tahadhari. Kitabu kilichapishwa miaka 48 baada ya mkutano. Mwaka 1903 Bell, aliyezaliwa mwaka 1883, alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, upande wa pili wa bara. Kwa hiyo anachosimulia kuhusu mkutano alikipata kwa wengine. Mazungumzo ya 1911 yana uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa Bell alisoma Columbia katika kipindi hicho na angeweza kweli kumuuliza Cole. Aidha, Bell kama msimulizi ana rekodi inayojulikana. Mwaka 1982 Tony Rothman alionesha jinsi Bell alivyopotosha maisha ya Évariste Galois katika kitabu chake cha 1937, na mwaka 1993 Constance Reid alionesha kuwa hata habari alizozitoa Bell kuhusu utoto wake mwenyewe hazikuwa za kweli. Hayo hayathibitishi kuwa simulizi ya ubaoni ni ya kubuni. Yanatutaka tu tusiitumie kama nguzo pekee.

Simulizi inaweza pia kupimwa kwa hesabu. Tuchukulie kuwa Cole alitegemea subira tu, yaani alijaribu kigawo kimoja baada ya kingine. Kwa kanuni ya Fermat, angejaribu namba zenye umbo la 134k + 1. Hadi kufika 193,707,721 zipo 1,445,580. Sharti la 8 linaondoa nusu yake, zinabaki 722,790. Tukiondoa zinazogawanyika kwa 3, 5 au 7, zinabaki takribani 330,000. Jumapili za miaka mitatu ni 156. Tukimpa saa 10 za kazi kila Jumapili, anapata saa 1,560. Kwa muda huo angepaswa kufanya majaribio zaidi ya 210 kwa saa, yaani jaribio moja kila baada ya sekunde 17. Kila jaribio ni kugawanya namba ya tarakimu 21 kwa namba ambayo, kwa sehemu kubwa ya safari, ina tarakimu 8 au 9.

Inawezekana kupinga kuwa angeweza kuondoa pia zile zinazogawanyika kwa 11, 13, 17 na kuendelea, na kubaki na namba tasa tu. Ni kweli kuwa idadi ingepungua. Lakini kuziondoa ni kazi nyingine kubwa, kwani majedwali ya vigawo yaliyokuwa yamechapishwa wakati huo yaliishia kwenye milioni 9, na kigawo kilichotafutwa kinazidi milioni 193. Zaidi ya hayo, Cole hakujua angefika lini. Kigawo kidogo kingeweza kuwa popote hadi kwenye bilioni 12, na katika masafa hayo namba za kujaribu, hata baada ya kuondoa vigawe vya 3, 5 na 7, zinazidi milioni 20.

Kwa hiyo, ikiwa Jumapili za miaka mitatu ni kweli, basi subira peke yake si maelezo. Na makala ya Cole yanathibitisha hivyo. Kurasa zake nne hazielezi uvumilivu, zinaeleza mbinu. Cole alikusanya mabaki ya namba za kipeo cha pili kuhusiana na M67, na kila baki ililazimisha sharti jipya juu ya vigawo. Masharti hayo yakiunganishwa huwa kama chekecheo juu ya chekecheo: kila moja huacha kipande tu cha namba zilizopita katika lililotangulia. Kazi ya mkono ilibaki kuwa ndefu, lakini ilielekezwa na nadharia.

5.3 Kilichofichwa na simulizi

Simulizi ya Bell inamchora Cole kama mtu wa kimya aliyeibuka na jibu. Kumbukumbu za umma zinatoa picha pana zaidi. Cole alikuwa katibu wa chama hicho kuanzia mwaka 1896 hadi 1920 na mmoja wa wahariri wa jarida lake, na alijulikana kwa utafiti wake katika nadharia ya makundi. Mwaka 1893 aligundua kundi sahili lenye wanachama 504. Hakuwa mpenzi wa namba aliyebahatika siku za mapumziko. Tuzo ya Cole, inayotolewa na chama hicho tangu mwaka 1928, inabeba jina lake.

Tofauti hii ina athari katika ufundishaji. Mwanafunzi anayesikia simulizi bila makala hufundishwa kuwa hisabati ni kuvumilia. Anayesoma makala hufundishwa kuwa hisabati ni kutafuta sababu ya kutojaribu kila kitu. Funzo la pili ndilo lililoendelezwa na waliomfuata Cole.

6.0 Pengo lililogeuzwa kufuli

Cole aliliziba pengo kati ya kujua na kuonesha kwa namba moja tu. Pengo lenyewe lilibaki, na katika karne ya 20 lilipata matumizi. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa siri unaolitegemea. Mhusika huchagua namba tasa mbili kubwa na kuzizidisha. Zao hutangazwa hadharani, na yeyote anaweza kulitumia kufunga ujumbe. Anayevijua vigawo ndiye anayeufungua. Mfumo huo unawezekana kwa sababu kutambua namba tasa ni kazi nyepesi, na unakuwa salama kwa sababu kutafuta vigawo ni kazi nzito.

Mwaka huohuo namba ya tarakimu 129 ilitangazwa kama changamoto kwa umma. Vigawo vyake, kimoja cha tarakimu 64 na kingine cha tarakimu 65, vilipatikana mwaka 1994 kwa ushirikiano wa watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kupitia intaneti. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walionesha kuwa utasa wa namba yoyote unaweza kuamuliwa kwa hatua ambazo idadi yake haiongezeki kupita kiasi kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Hakuna uthibitisho wa namna hiyo kwa utafutaji wa vigawo katika kompyuta za kawaida. Wala hakuna aliyethibitisha kuwa hauwezekani. Kwa hiyo, usalama wa kufuli hizo haujasimama juu ya kanuni iliyothibitishwa, bali juu ya ukweli kuwa wengi wamejaribu na hawajafaulu. Kwa maana hiyo tumerudi karibu na aina ya kwanza ya ushahidi.

Hali ya Lucas ya 1876 nayo haijatoweka. M1279 ilithibitishwa kuwa tasa mwaka 1952 kwa kompyuta. Jirani yake, M1277, yenye tarakimu 385, inajulikana kuwa si tasa. Hadi insha hii inaandikwa, hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana.

7.0 Hitimisho

Insha hii imefuatilia namba moja kwa miaka 259 na kuonesha kuwa kauli "M67 si tasa" imebeba uzito tofauti katika nyakati tofauti. Mersenne aliikana kwa heshima ya jina lake. Lucas aliithibitisha kwa kanuni. Cole aliionesha kwa kuzidisha. Hatua ya tatu haikuifuta ya pili. Iliihakiki, kwani vigawo vya 1903 vilikuwa pia uthibitisho kuwa mkono wa Lucas haukukosea katika hukumu yake kuhusu M67.

Kuhusu Cole mwenyewe, insha haikanushi kuwa alisimama ubaoni kimya, wala kuwa alizitoa Jumapili zake. Inachokataa ni kuifanya simulizi kuwa maelezo. Bell alikumbuka jibu lililohusu muda. Makala ya Cole yanajibu swali ambalo Bell hakulisimulia: kazi hiyo ilifanywaje. Mtafiti wa historia ya hisabati anapokutana na hadithi inayosifu subira ya mtu, ni vema aanze kwa kugawanya kazi kwa saa, kama ilivyofanywa hapa, kisha arudi kwenye makala ya mtu huyo.